Usiku Nilioandika "Hakuna"

Siku nilipomwambia mama mmoja kwamba mwanawe ana fangasi kwenye ubongo, alishusha macho akaitazama miguu yake. Alikuwa amevaa yeboyebo za bluu juu ya soksi nene, maana ilikuwa Juni, na Juni ya Nyanda za Juu Kusini haina utani.

"Fangasi?" akauliza. "Hizi za kwenye vidole?"

Sikuweza kumlaumu. Kwa Kiswahili chetu fangasi ni mambo madogo. Ni mapunye ya watoto wa darasa la kwanza, ni kucha zilizobadilika rangi, ni tyubu ya dawa ya kupaka unayonunua dukani bila cheti. Nilisoma bweni miaka sita, na fangasi kwetu ilikuwa ya kuchekana. Huwezi kumwambia mtu kwamba kitu cha kuchekana ndicho kinachomuua mwanawe, halafu ukategemea akuamini papo hapo.

Kaka wa mgonjwa alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, kofia mkononi. Yeye hakushangaa fangasi. Aliuliza jambo lingine, kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia njia.

"Sasa, dada, mbona mwanzo mlisema hamna kitu?"

Aliyesema hamna kitu ni mimi.

Mwaka ule wa 2019 nilikuwa na miaka 24, mtaalamu wa maabara wa mkataba katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimetoka chuo mwaka mmoja tu kabla. Zamu za usiku nilikuwa peke yangu: damu, mkojo, makohozi, malaria, kupanga damu za kuongezewa wagonjwa, vyote mikono hii miwili. Silalamiki. Wenzangu wengi walikuwa hivyo, na wengine hawakuwa hata na umeme wa uhakika.

Sampuli ililetwa saa tisa usiku. Kichupa kidogo, ndani yake maji ya uti wa mgongo kama mililita 2, maangavu kama maji ya kunywa. Kwenye fomu daktari wa zamu alikuwa ameandika kwa ufupi: mwanaume, miaka 26, kichwa kinauma wiki tatu, anatapika, ana VVU, aliacha dawa. Chini yake, kwa herufi kubwa: KRIPTOKOKASI?

Ile alama ya kuuliza ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Kriptokokasi ni hamira. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyo, si kwa mfano: ni fangasi wa chembe moja moja anayezaliana kwa kuchipua, kama hamira ya maandazi, kama wale wanaougeuza utomvu wa mianzi kuwa ulanzi, ingawa kiukoo yuko karibu zaidi na uyoga. Mwaka 1894 Mtaliano mmoja, Francesco Sanfelice, alimkuta kwenye maji ya tunda la pichi, na mwaka huohuo Wajerumani wawili, Busse na Buschke, wakamweleza kutoka kwa mgonjwa. Anaishi kwenye udongo, kwenye magome ya miti, na hasa kwenye kinyesi cha njiwa kilichokauka. Tunamvuta kwa pumzi. Yaelekea mimi na wewe tumeshamvuta, mwili ukamfungia mahali pamoja kwenye mapafu na maisha yakaendelea. Ila kinga ikishuka sana, chembe za CD4 zikiwa chini ya 100 kwa mfano, anatoka alikofungiwa, anapanda damu, na mahali anapopapenda kuliko kote ni ubongo.

Kinachomtofautisha na hamira ya jikoni ni koti. Amejifunika koti nene la sukari, laini, lenye utelezi, ambalo askari wa mwili hawalishiki vizuri. Koti hilohilo ndilo linalomsaliti kwetu. Ukichanganya tone la maji ya mgongo na tone la wino mweusi, tunaouita wino wa India, chembe za wino haziwezi kupenya kwenye koti. Ukitazama kwenye hadubini, uwanja wote ni mweusi, na yeye amekaa katikati ya duara jeupe.

Vitabu vinasema hivyo na ndivyo ilivyo, mgonjwa akiwa na mamilioni yao. Wakiwa wachache ni habari nyingine. Kwanza kuna mapovu ya hewa, ambayo yanang'aa na kumdanganya mgeni. Halafu kuna chembe nyeupe za damu, ambazo nazo huusukuma wino kidogo. Ndiyo maana tulifundishwa kuizungusha sampuli kwenye mashine kwanza, ili kilichomo kizame chini, umwage maji ya juu na kuchukua tone kutoka kwenye mashapo. Na tulifundishwa kutopitisha macho haraka haraka: anza pembe moja, nenda hadi nyingine, rudi, kama mtu anayepalilia tuta kwa tuta.

Usiku ule mashine ilikuwa inazungusha damu za mama aliyekuwa anatoka damu wodi ya wazazi. Simu ya wodi ile ilikuwa imelia mara tatu. Nikachukua tone la maji ya mgongo bila kuyazungusha, nikaweka wino, nikafunika, nikatazama. Nadhani nilitazama kwa dakika mbili. Huenda zilikuwa pungufu. Weusi mtupu, povu moja, vumbi. Nikahesabu chembe nyeupe: 4. Mtu mzima mwenye afya hazidi 5. Hii nayo ilinituliza, na haikupaswa kunituliza hata kidogo, kwa sababu mtu mwenye CD4 za chini sana hana jeshi la kutuma. Maji yake yanaweza kuonekana safi huku moto unawaka. Hilo nililijua. Nililiandika kwenye mtihani wa mwaka wa tatu na nikapata alama zote.

Kipimo kizuri zaidi kilikuwepo duniani, na hata kwenye rafu yetu kilikuwa na nafasi yake: kitepe cha CrAg, kinachotafuta vipande vya lile koti. Unakichovya kwenye tone la sampuli, unasubiri dakika 10, mistari miwili ikitokea jibu ni ndiyo. Ni kama kipimo cha mimba, na mara chache sana hukosea. Nafasi yake kwenye rafu ilikuwa tupu wiki ya tatu sasa. Oda ilikuwa imeshatumwa.

Kwa hiyo nikaandika kwenye fomu: *Wino wa India: hakuna kilichoonekana.* Nikapeleka damu wodi ya wazazi. Yule mama alipona, nashukuru, na mara nyingi nimejificha nyuma yake.

Jambo moja nililolifanya sawasawa usiku ule nililifanya kwa mazoea. Mwalimu wetu wa mikrobiolojia chuoni alikuwa na msemo wake kwamba maji ya mgongo hayamwagwi, kwa sababu hakuna mgonjwa anayependa kuchomwa mara ya pili ili kufidia uvivu wako. Basi nikapaka matone machache kwenye kisahani cha kuoteshea, nikakiweka kwenye inkubeta, na kilichobaki nikakitia kwenye friji.

Wodini, kijana aliamka akiwa na nafuu. Hili nalo liliwadanganya wote. Kichwa kilikuwa kimepungua, akanywa uji, akataniana na nesi. Daktari akaona jibu langu, akaona chembe 4, akaona mgonjwa anacheka. Siku ya tatu akaruhusiwa kurudi nyumbani na dawa za maumivu, na kliniki ikamrudisha kwenye ARV siku hiyohiyo ili asipotee tena.

Nimesoma mengi tangu wakati ule, na sasa naweza kueleza kila kipande cha siku zile tatu. Nafuu ile ilitokana na sindano. Fangasi na makoti yao huziba njia ambazo maji ya ubongo hupitia kurudi kwenye damu, maji yanajaa, shinikizo linapanda ndani ya fuvu lisilotanuka. Ukitoa hata kiasi kidogo mgonjwa anapumua. Kwa hiyo kile kicheko cha asubuhi kilikuwa dalili ya ugonjwa, na tulikisoma kama dalili ya kupona. Na zile ARV, ambazo kwa watu wengi wenye VVU ni heri zianze leo kuliko kesho, kwa mwenye fangasi hawa zinatakiwa kusubiri. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa 2014, ulionyesha kwamba waliochelewesha ARV kwa takriban wiki tano baada ya kuanza tiba ya fangasi walipona wengi zaidi kuliko walioanza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Kinga inayorudi ghafla huwakuta fangasi ubongoni na kuanza vita mahali pasipo na nafasi ya vita.

Neno langu moja kwenye fomu lilifungua milango yote miwili.

Siku ya nne asubuhi nilifungua inkubeta nikitafuta kisahani cha mkojo wa mtu mwingine. Kile cha maji ya mgongo kilikuwa kwenye rafu ya chini. Juu yake kulikuwa na madoa saba au nane, meupe ya mtindi, laini, yenye kung'aa kwa utelezi. Nikajua kabla ya kujua. Nikachukua kidogo, nikachanganya na wino, na walikuwa pale, wamejaa, kila mmoja na duara lake.

Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nilichukua kile kichupa kwenye friji, nikakizungusha dakika kumi, nikaweka mashapo kwenye slaidi na kuanza kupalilia tuta kwa tuta. Kila uwanja wa tatu au wa nne, mmoja. Walikuwa wachache, lakini walikuwepo. Kama ningezungusha usiku ule ningewaona. Nimejaribu kulisema hili kwa namna nyingine nyingi na linarudi palepale.

Daktari hakunifokea. Alisema, "Tumtafute," tukaanza kumtafuta. Simu ya mgonjwa ilikuwa imezimwa. Namba ya ndugu iliyoandikwa kwenye faili ilipokelewa na mwalimu wa shule ya msingi wilaya nyingine kabisa. Mwishowe mhudumu wa afya wa kijiji kimojawapo ndiye aliyetembea hadi kwao. Kijana alirudi siku ya tisa tangu sampuli ya kwanza, amekaa katikati kwenye pikipiki yake mwenyewe, kaka yake akiendesha na binamu akimshikilia kwa nyuma. Alikuwa dereva wa bodaboda. Alishuka akaweka mkono begani kwa kaka yake ili aongozwe. Alisema anaona watu wawili wawili, na kati yao kuna ukungu.

Mara hii daktari alipima shinikizo. Hatukuwa na kile kifaa cha kioo chenye vipimo, kwa hiyo alichukua mpira wa dripu, akauunganisha kwenye sindano, nesi akaunyoosha juu kwenye stendi, na mimi nikashika futi ya fundi cherehani. Maji yakapanda kwenye mpira. Kawaida ni chini ya sentimita 20. Yalipita 25, yakapita 30, yakasimama kwenye 42, yakichezacheza kwa mapigo ya moyo. Akatoa mililita 25 polepole. Ndani ya robo saa kijana aliyekuwa anagugumia alilala akiwa amenyoosha uso, kisha akaomba chai.

Kesho yake maumivu yalirudi na ilipasa achomwe tena. Hapo ndipo mama alipokataa.

Wanaosoma hili na hawajawahi kukaa wodini wataona ni ujinga. Si ujinga. Mitaa yote inajua mtu aliyechomwa sindano ya mgongo akafa. Ni kweli: alichomwa, na akafa. Kwa kawaida sindano ile inaletwa baada ya dawa za dukani, maombi na mganga kushindwa, mgonjwa ameshafika ukingoni, kwa hiyo jambo la mwisho ambalo familia inakumbuka ni sindano. Ningekuwa mimi ni mama yule ningehesabu hivyohivyo. Na alikuwa na hoja nyingine nzito zaidi: walishamchoma mara ya kwanza, wakasema hamna kitu, na tangu wamchome ndipo macho yakaanza kuharibika.

Daktari akaniomba nije nieleze wanachokiona maabara. Ndipo ikaja ile habari ya yeboyebo, na swali la kaka.

Nilimjibu hivi: "Kipimo kile cha wino kina mapungufu, kaka. Wakati mwingine hakiwaoni."

Kila neno hapo ni kweli. Ukitaka nitakutajia tafiti. Sijawahi kusema uongo uliojengwa kwa ukweli mtupu kiasi kile, na ulitoka bila kigugumizi.

Yeye alitikisa kichwa, akaniuliza kama anaweza kuwaona. Si jambo la kawaida, ila nikamchukua. Alivua kofia tena mlangoni, akanisalimu upya, "Kamwene," kana kwamba ameingia nyumbani kwangu. Nilimwonyesha namna ya kukaa kwenye hadubini. Alichukua muda, watu wengi mwanzoni huona kope zao wenyewe, halafu akatulia kabisa.

"Kama mwezi," akasema. "Mwezi ukiwa na ile duara. Mvua inakuja."

Akaniuliza wanatoka wapi. Nilipotaja njiwa alijinyoosha. Walikuwa na njiwa kama thelathini, mdogo wake ndiye aliyekuwa akiwafuga tangu darasa la nne. "Niwachinje?" Nikamwambia wasiwachinje, njiwa hawana kosa, wote mnaoishi pale mnavuta hewa ileile. Alionekana kupata nafuu kwa ajili ya njiwa.

Ningependa kusema kwamba hadubini ndiyo iliyomshawishi mama. Haikuwa hivyo. Usiku wa siku ile kijana mwenyewe, katikati ya maumivu, alisema kwa Kibena maneno ambayo nesi alinitafsiria kesho yake: nitoeni yale maji, jana mlinitoa nikalala. Mama akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Alichomwa mara sita kwa jumla.

Dawa zilikuwa hivi. Flukonazoli ilikuwepo, vidonge, lakini hiyo peke yake huzuia fangasi kukua kuliko kuwaua, na katika hospitali za Afrika ambako ndiyo pekee iliyokuwepo, takriban nusu ya wagonjwa au zaidi walifariki ndani ya wiki kumi. Amfoterisini B ilipatikana kwa taabu, chupa chache, nyingine zililetwa na gari la wagonjwa kutoka hospitali ya rufaa. Hiyo ni dawa ya zamani: ilipatikana miaka ya 1950 kutokana na bakteria wa kwenye udongo wa kando ya mto Orinoco, Venezuela. Inaua fangasi vizuri, na figo za mgonjwa nazo inaziumiza. Unga wa njano, unachanganywa na maji ya sukari, ukichanganya na maji ya chumvi unaganda. Kabla ya kuitundika unampa mgonjwa lita nzima ya maji ya chumvi yenye potasiamu ili figo zivumilie, na hata hivyo anatetemeka kitanda kinalia. Mimi nilipima kreatinini na potasiamu yake kila baada ya siku mbili. Sampuli zake nilizifanya mwenyewe hata nisipokuwa zamu. Wenzangu waliacha kuniuliza kwa nini.

Dawa ya tatu, flusaitosini, sikuwahi kuiona kwa macho mwaka ule. Ilitengenezwa 1957 ikitafutwa kama dawa ya saratani, haikufaa, ikaonekana inaua fangasi. Ni kidonge cha kawaida tu. Mwaka 2018, mwaka mmoja kabla ya mgonjwa wangu, jaribio kubwa lililofanyika Zambia, Malawi, Kamerun na hapahapa Tanzania lilionyesha kwamba wiki moja tu ya amfoterisini pamoja na flusaitosini ilishusha vifo vya wiki kumi hadi takriban robo. Yaani wagonjwa wa Tanzania walishiriki kuuonyesha ulimwengu dawa inayofaa, na mwaka uliofuata, pale nilipokuwa, dawa hiyo haikuwepo. Nikilifikiria hili huwa nakasirika, na hasira hiyo ina faida kwangu, kwa sababu inanipa mtu mwingine wa kumlaumu.

Kijana alipona. Baada ya wiki mbili maji yake hayakuotesha kitu, wiki ya tano tangu aanze tiba akarudishiwa ARV, akaondoka na flukonazoli za kumeza kwa muda mrefu. Macho hayakurudi. Mishipa ya macho ikishabanwa muda wa kutosha inakufa, na hakuna dawa ya hilo. Siku ya kuondoka alivaa miwani ya jua ya kaka yake na akatembea hadi getini bila kushikwa, akihesabu hatua kwa sauti.

Nilijiunga na shahada ya uzamili Dar es Salaam mwaka 2021. Kwenye barua ya maombi niliandika kwamba navutiwa na magonjwa ya fangasi yaliyosahauliwa. Utafiti wangu ni juu ya kupima CrAg kwa damu ya kila mtu ambaye CD4 zake ziko chini, kabla kichwa hakijaanza kuuma, kwa sababu vipande vya lile koti huonekana kwenye damu wiki nyingi kabla ya ubongo kuvamiwa. Si wazo langu. Dar es Salaam na Lusaka walishalijaribu, matokeo yakatoka 2015: walipopima CrAg na pia kuwatembelea wagonjwa nyumbani wiki za mwanzo, vifo vya mwaka vilipungua kwa asilimia 28. Mimi naangalia mambo ya chini zaidi, ya rafu: vitepe vinaisha lini, vinaisha kwa sababu gani, na nani anajua vimeisha.

Wakati nasoma, dunia nayo ilisogea. Mwaka 2022 likachapishwa jaribio jingine la nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo: dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa kwenye mafuta, mara moja tu, pamoja na vidonge vya wiki mbili, na matokeo yalikuwa mazuri kama ya dripu za wiki nzima, bila kuziumiza figo vile. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huohuo. Oktoba wakatoa orodha yao ya kwanza ya fangasi hatari, 19, na kriptokokasi akiwa kwenye kundi la juu kabisa. Nilituma orodha ile kwenye grupu letu la WhatsApp la darasa. Mtu mmoja akajibu kwa kikaragosi cha mguu.

Muhula uliopita niliwasilisha pendekezo langu la utafiti. Mwanafunzi mwenzangu akauliza, swali zuri, unyeti wa wino wa India ukoje ukilinganisha na CrAg. Nikajibu kwa takwimu, nikaeleza wingi wa fangasi, nikaeleza uzoefu wa msomaji. Msimamizi wangu akaandika kitu kwenye daftari. Nilikuwa najibu lile swali la kaka kwa mara ya pili, kwa ufasaha zaidi, na kwa mara ya pili sikulijibu.

Nilikuwa bado na namba ya yule kaka. Alikuwa akinitumia salamu kila Krismasi, na mara moja picha ya banda la njiwa jipya. Nilipoanza kuandika makala hii nikajua siwezi kuichapisha bila ruhusa yao, na siwezi kuomba ruhusa bila kusema ninachoiombea. Nilipiga Jumapili mchana. Nilimweleza kaka yote: mashine, dakika mbili, kichupa cha kwenye friji. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Hayo mwambie mwenyewe. Subiri."

Nikasikia simu ikibebwa, mlango, kuku.

Yeye ana duka dogo la kuchajia simu na kuuza vocha sasa. Anatambua noti kwa vidole, na wateja kwa namna wanavyokohoa, alisema, na mimi nilikohoa bila kukusudia akacheka. Nikamweleza upya. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo ungeniona usiku ule," akasema, "leo ningekuwa naona?"

"Sijui. Pengine. Zingekuwa siku tisa."

"Siku tisa."

"Ndiyo."

Alikuwa anapatiapatia kitu mezani, nilisikia sarafu. Nilitaka kuomba msamaha na nikagundua kwamba nilikuwa nimeshaomba, mara mbili, katikati ya maelezo, na yeye alikuwa ameviacha vipite.

"Andika," akasema mwishowe. "Jina usiweke. Mama bado hajui ule ugonjwa mwingine." Kisha akauliza: "Kaka anasema wanafanana na mwezi. Mimi sikuonyeshwa. Wakoje?"

Nikamwambia kwamba kwanza ni giza, giza la wino, sawasawa pande zote. Unasogeza slaidi polepole na hakuna kitu. Unasogeza tena. Halafu kuna mahali wino umesimama, kama umegonga ukuta usioonekana, na ndani yake ni peupe, na katikati ya weupe kuna kidoa kimoja cha mviringo, wakati mwingine kina kichanga ubavuni kinachoanza kuchipua.

"Kidogo kiasi gani?"

Nikaanza kumweleza ukubwa wake.